Siku Sita za Lushoto na Jino Linalocheza

Ijumaa: Mbezi hadi Lushoto

Saa tisa na nusu usiku Beka alikuwa macho kuliko mimi. Nilikuwa nimewaambia tunasafiri "kesho asubuhi sana", naye kwa akili ya miaka mitatu akaona asubuhi sana ndiyo hiyo, giza au si giza. Nilimkuta sebuleni amevaa viatu, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, soksi moja, amekalia begi kama konda anayesubiri abiria. Dada yake Tunu, miaka sita na miezi mitatu (hiyo miezi usiisahau, mwenyewe atakukumbusha), alikuwa bado kitandani akitikisa jino lake la chini la mbele kwa ulimi. Lilianza kucheza wiki ya mitihani. Tulishakubaliana kwamba hakuna mtu wa kuling'oa; litadondoka lenyewe siku likitaka.

Baba yao hakupata ruhusa kazini. Alitusindikiza hadi Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, akatupandisha, akashuka, akasimama chini ya dirisha letu akitupungia. Beka naye akapunga, akapunga, mkono ukachoka. Mwisho akanigeukia: "Mama, kwa nini baba haondoki?" Basi ndilo lilikuwa halijaondoka. Sikumrekebisha.

Nilikata tiketi mbili kwa watu watatu, hesabu ya kila mama: mdogo anapakatwa. Hesabu hiyo inakubali mpaka Kibaha. Ukikaribia Chalinze, kale katoto ulikokapakata asubuhi kamekuwa gunia la mahindi, halafu linauliza maswali. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa ng'ambo ya njia, mwenye baraghashia na kikaratasi cha karanga, aliyemwita bila kuombwa: "Njoo hapa mjukuu wangu, nisaidie kuhesabu malori." Wakahesabu mpaka daraja la Wami. Beka anajua kuhesabu mpaka nane tu, hivyo kila walipofika nane walianza upya, na mzee wa watu hakumsahihisha hata mara moja. Kwa sensa yao, kati ya Chalinze na Wami kuna malori manane.

Tunu alikuwa dirishani akifanya kazi nyingine. Kila tuta basi lilipolirukia, aliweka kidole mdomoni kukagua. "Bado." Tuta jingine. "Bado." Tukipita kijiji chenye matuta mengi anafurahi, tukipata lami tupu ananuna.

Tulipopita Mkata konda akapiga kelele: "Kuchimba dawa! Dakika tano!" Sisi watu wazima hatuulizi dawa gani. Wanaume upande huu, wanawake na kanga zao upande ule nyuma ya vichaka, mnarudi mmenyamaza. Lakini Beka hakuwa amewahi kuambiwa. Alishuka mbio, akaokota kijiti, akachuchumaa, akaanza kuchimba.

"Kojoa, baba, basi linaondoka."

"Sijaipata."

"Hujapata nini?"

"Dawa."

Nikacheka mpaka nikashikilia mti. Abiria wawili watatu wakasogea kuangalia shimo. Na konda yule, aliyekuwa akifoka tangu Mbezi kama tumemkopa, akachuchumaa kando ya mwanangu, akang'oa kimzizi cha nyasi, akakipangusa udongo kwa shati lake mwenyewe. "Hii hapa, bosi. Dawa ya kikohozi." Beka akakitia mfukoni, ndipo akakubali kukojoa. Sitamsahau yule konda. Tulichelewa labda dakika tatu na hakuna aliyelalamika.

Segera tulipita. Korogwe mkonge ulianza, mistari kwa mistari, Tunu akasema ni mananasi ya majitu. Mombo joto la kukausha samaki, na hapo ndipo barabara inaacha tambarare na kuanza kupanda milima, kilomita kama 33 za kona hadi Lushoto mjini. Nilijua kitakachofuata. Zamani konda aligawa vimfuko vyeusi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mama mwenye akili anasafiri na kopo lenye mfuniko. Langu lilikuwa la aiskrimu. Tunu akaliona, akafurahi: "Kuna aiskrimu!" Kona tatu baadaye tulilitumia, na nadhani hatakaa aiamini tena picha iliyo juu ya kopo.

Kwenye maporomoko ya Soni alishainua kichwa, uso wa kijivu, akasema, "Maji yanaanguka na hayalii." Akalala.

Saa nane na nusu mchana tulishuka. Bibi, yaani mama yangu, alikuwa stendi tangu saa sita, amejitanda kanga juu ya sweta. Watoto wakaamkia, akaitikia marahaba, halafu akamshika Beka mashavu: "Karibu mume wangu! Safari yote hiyo, umemletea nini mkeo?" Kwa Tunu akageuza uso: "Na wewe mke mwenzangu umekuja kuninyang'anya?" Tunu anaujua utani huu, akacheka. Beka hakuujua. Akafikiri kwa makini, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kimzizi.

"Dawa," akasema.

Bibi akakinusa, akatikisa kichwa polepole. "Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta." Akaifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofungaga hela.

Jumamosi

Dar watoto wangu wanalala na feni usoni. Hapa tumelala wanne chini ya mablanketi matatu, na usiku kucha nilikuwa na mguu wa mtu mbavuni. Nilipotoka nje alfajiri kupasha maji, nikasikia ukelele ukumbini. Beka amesimama mlangoni, ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Mama! Mdomo wangu unapika!"

Ulikuwa mvuke wa pumzi. Hajawahi kuuona. Juni ya Usambara haina mchezo, na huku tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Tunu akatoka kuthibitisha, naye akapika. Wakasimama uani wakipikiana usoni: mmoja pilau, mwingine chai, kisha wali wa nazi, kisha "supu ya makongoro", ambayo sijui Beka alijifunza wapi kuitamka. Chai yangu ya mchaichai ilipoa mkononi. Sikuwa na haraka ya kuinywa.

Siku nzima Beka amekuwa mume. Bibi akisema anakwenda kuokota kuni, mume anatangulia. Akarudi na kijiti kimoja, kirefu kama kidole, akakitua jikoni kwa kishindo cha mtu aliyebeba gogo. "Nimechoka," akasema, akaketi kwenye kigoda cha marehemu babu. Bibi akamletea chai akipiga goti, kabisa kabisa, na goti lile linauma, nalijua. Nikamwambia, "Mama, utamharibu." Akanijibu, "Nyamaza. Nimekaa miaka sita bila wa kumpelekea chai."

Nikaenda nje kidogo.

Jioni nilimpigia Baba Tunu. Kila mtoto alitaka kuongea wa kwanza, wakaongea pamoja, yeye akasema "ndiyo" mara ishirini bila kuelewa. Jino: bado.

Jumapili

Ukungu kutwa. Nguo nilizofua jana zimelowa kuliko nilivyozianika. Watoto wamecheza duka ndani kwa maharage ya bibi: duka limefilisika, mwenye duka amempiga mteja, mteja amenishtakia. Viazi vya kuchoma. Kulala mapema.

Jumatatu: soko na njia ya kinyonga

Asubuhi tulishuka sokoni na bibi. Anayejua soko la Lushoto anajua rangi zake: karoti, hoho, kabichi, njegere, mboga zilezile tunazonunua Dar zikiwa zimesinyaa kwa safari, huku zina umande. Nilimpa Tunu sarafu ya 500 anunue anachotaka. Nilitegemea pipi. Akazunguka meza zote, mikono nyuma kama bwana afya, akarudi na fungu la karoti.

"Karoti, Tunu?"

"Hizi zina nywele."

Kweli, zilikuwa na majani yake. Dar karoti huja zimenyolewa. Akazisuka njiani, na hadi tunafika nyumbani karoti zote zilikuwa na mabutu mawili mawili. Hakuna aliyeruhusiwa kuzila.

Njia ya kwenda kwa bibi inapanda kati ya mashamba ya matuta. Beka aliamkia kila mtu, shikamoo, shikamoo, wazee kwa vijana, mbuzi mmoja, na koti lililotundikwa shambani kufukuza ndege. Koti halikuitikia akalirudia kwa sauti. Ndipo Tunu aliposimama ghafla na kuninyooshea kidole, hasemi. Kinyonga. Dume, kijani chenye doa la njano, na vipembe viwili puani. Alikuwa anavuka njia.

Bibi akaruka nyuma kama msichana. Watu wa huku wengi wanamwogopa kinyonga, na mama yangu, aliyewahi kumuua nyoka kwa mwiko, aliruka kalvati akaenda kusimama mbali akituombea. Sisi tukachuchumaa.

Kama hujawahi kumwona kinyonga akivuka njia, jua kwamba havuki. Anainua mguu mmoja, anaufikiria. Anayumba mbele, anayumba nyuma, kama mlevi anayetafuta funguo. Jicho moja linakuangalia, jingine linaangalia anakokwenda. Anaushusha mguu. Kisha anaanza kuufikiria mwingine. Nilikuwa na mfuko wa viazi kichwani na maharage jikoni yakisubiri, na nikaanza kusema "haya, twende". Kisha nikajiuliza ninakowahi ni wapi. Nyumbani Dar neno ninalowaambia hawa watoto mara nyingi kuliko yote ni "haraka". Haraka mswaki, haraka kiatu, haraka gari la shule hilo. Nikashusha viazi.

Ilichukua kama dakika arobaini. Bodaboda mbili zilikuja. Tunu alizisimamisha kwa mkono kama trafiki, na madereva wakazima injini wakangoja. Mmoja alishuka akachuchumaa nasi. Kinyonga alipofika majanini upande wa pili, Beka akampigia makofi, yule dereva naye akapiga. Kisha Beka akaanza kutembea kama yeye: mguu juu, yumba, yumba, chini. Hivyo hivyo mpaka nyumbani. Tulikula saa kumi.

Jumanne: Irente, halafu makande

Tulikwenda Irente kwa miguu, Beka mgongoni mwangu nusu ya njia kwa mbeleko ya bibi. Anajua ni mkubwa wa kubebwa, mimi pia najua, tukakubaliana kutolizungumza.

Pale kwenye mwamba nchi inakatika. Umesimama kwenye baridi na miti, na chini kabisa, karibu mita elfu moja chini ya vidole vyako, kuna nchi nyingine ya joto na vumbi: Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu ya Arusha kama uzi. Niliwashika wote wawili nguo kwa nyuma. Nilitaka waseme kitu, nakiri. Mtu hapandi kilomita zote hizo na mtoto mgongoni bila kutegemea japo "waoo" moja.

Tunu akaangalia muda mrefu. "Mama, pale ndipo Beka alipochimba dawa?"

Hapakuwa pale, ni mbali sana kusini. Nikasema, "Karibu na pale."

"Naliona shimo," akasema Beka.

Usiku ndio ulikuwa wenyewe. Bibi alipika makande, mahindi na maharage yaliyochemka tangu mchana, yakaungwa kwa maziwa. Tumekaa jikoni karibu na moto, sinia moja, kila mtu kijiko chake. Tunu akaacha kutafuna. Akaweka kidole mdomoni. Macho yakamtoka.

"Halipo."

Sasa hebu fikiria. Jino la mtoto wa miaka sita, jeupe, dogo, limedondoka ndani ya sinia la mahindi meupe yaliyopikwa. Bibi akapiga amri: "Hakuna wa kutafuna!" Beka, mashavu yamejaa, akaganda kama kinyonga. Nikamkinga kiganja akatema, tukapekua, hakuna. Nikawasha tochi ya simu. Tukaanza kuchambua makande kama watu wachambuao mchele, punje kwa punje: hili hindi, hili hindi, hili hindi lenye kovu. Mara mbili nilidhani nimelipata. Mara moja Beka alitangaza amelipata, akalitia mdomoni kulihakikisha, likawa hindi. Tunu alikuwa kati ya kulia na kucheka, pengo linatoa damu kidogo na ulimi umekwisha kuingia pale kukagua.

Bibi, asiyeona vizuri, ndiye aliyelipata. Hakutumia macho. Alipitisha vidole vyake tu, vile vidole vilivyopukuchua mahindi miaka sitini, akasimama mahali pamoja. "Hili si la shamba langu."

Tulilisuuza, tukalitia kwenye kiberiti. Makande yalikuwa yamepoa na yameshikwashikwa na kila mtu. Tuliyamaliza.

Ndipo bibi akatuhadithia habari za Mbegha, ambaye watoto wa Usambara husimuliwa kabla ya kujua kuuliza mfalme ni nini. Alizaliwa Ngulu, na meno yake yalianza kuota ya juu. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego. Watu walimwogopa, wakasema ataleta mikosi, na ndugu zake hawakutaka apate urithi. Akaondoka na mikuki yake na mbwa wake. Kila alipopita aliwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mazao ya watu, na nyama akaigawa, hakujilimbikizia. Wasambaa wakampenda. Na usiku mmoja alimuua simba, ndiyo maana akaitwa Simba, akawekwa kuwa mfalme wao kule Vugha, yeye na ukoo wake baada yake.

"Mbwa wake walikuwa wanaitwa nani?" aliuliza Beka.

"Popi," akajibu bibi bila kusita. Popi ni mbwa wa jirani.

Tunu alikuwa na swali la maana zaidi. "Mama, mimi lilianza lipi?"

"La chini."

"Na Beka?"

"La chini," nikasema, kwa uhakika wa mtu mwenye picha elfu tatu kwenye simu na hata moja si ya jino hilo. Bibi aliniangalia pembeni ya moto. Akalisukuma gogo, asiseme kitu.

Likabaki suala la paa. Jino la kwanza linarushwa juu ya bati ili jipya liote. Hilo halina mjadala. Nikamwambia Tunu kesho asubuhi kabla ya kuondoka atalirusha hapa. Akakataa katakata.

"Nikilitupa hapa, jipya litaotea hapa. Mimi nitakuwa Dar."

Nilijaribu kumweleza. Nilipofika katikati ya maelezo niligundua sina hoja. Kama unakubali kwamba paa linaota jino, utasemaje halijali anwani? Bibi akafungua mdomo kwenye mwanga wa moto, akamwonyesha mapengo yake matatu. "Basi niachie mimi, mke mwenzangu. Lirushe hapa hapa, liniotee mimi. Miaka mingi sijatafuna muwa."

Tunu hakucheka. Aliyaangalia yale mapengo moja moja, kama alivyoangalia karoti sokoni. Akalala na kiberiti mkononi.

Jumatano: kurudi

Giza bado, mabegi mlangoni, bodaboda inanguruma barabarani. Bibi alikuwa akimfunga Beka skafu, akimwambia mume wangu usikawie huko mjini. Sikumwona Tunu. Kisha juu ya vichwa vyetu tukasikia *ti*, kitu kidogo kikagonga bati, kikaviringika, kikanyamaza.

Akatokea nyuma ya nyumba akijifuta mikono kwenye sketi. Kiberiti kilikuwa kitupu. Hakusema neno, nasi hatukumuuliza. Bibi aligeukia jikoni kama aliyesahau kitu na akakawia kurudi.

Kushuka Soni hakuna aliyetapika. Mombo nilinunua machungwa. Tulipochimba dawa, safari hii Beka alichimba kweli na pia alikojoa, kwa mpangilio huo. Karoti zenye mabutu zimefika Dar salama, na Baba Tunu alipokaribia kuzikata kwa ajili ya pilau, palizuka kilio ambacho majirani walikuja kukiulizia.

Nimeandika haya wiki mbili baada ya safari. Pengo la Tunu bado pengo. Bibi ana simu ya kitochi, hakuna kuonana kwa video, kwa hiyo kila jioni saa moja Tunu anampigia na kumtaka afungue mdomo na kupitisha kidole.

"Limeota?"

Tunasikia kimya, tunasikia bangili zikigongana.

"Bado," anasema bibi. "Ila leo pananiwasha kidogo."

"Upande gani?"

"Wa kulia."

"Usilitikise," anasema Tunu, na anakata simu.